Metali Hazichujwi kwa Chungu

Madini ya tabaka ni yale ambayo chembe zake zimejengwa kama karatasi nyembamba zilizolaliana moja juu ya nyingine. Mfinyanzi ndio unaojulikana zaidi katika jamii hiyo. Yamo pia mika, vermikulaiti, grafiti na kundi la haidrotaliti. Baadhi yake hunasa metali zenye sumu zilizoyeyuka ndani ya maji, kama risasi, kadimiamu, shaba na nikeli. Hilo halina ubishi. Linalobishiwa hapa ni hitimisho lililojengwa juu yake, ambalo sasa hutamkwa kana kwamba limeshathibitishwa, kwenye warsha za maji, katika maandiko ya kuombea fedha za miradi na kwenye maonesho ya sayansi ya shule: kwamba kwa kuwa mfinyanzi hunasa metali, na kwa kuwa bonde la Kilombero, nchini Tanzania, lina mfinyanzi tele, basi kila kaya ikipewa chungu cha kuchujia, suala la metali limekwisha. Hitimisho hilo ni kosa. Ubaya wake mkubwa hauko kwenye fedha zitakazopotea. Uko kwa mama atakayempa mwanawe maji kwa imani kamili, ilhali sumu ingali ndani ya kikombe.

Karatasi za mfinyanzi zimeundwa hasa na silikoni, alumini na oksijeni. Katika aina zinazovimba, ambazo wataalamu huziita smektaiti, baadhi ya atomi za alumini zimeachia nafasi zao kwa magnesiamu, na kila nafasi iliyobadilishwa hivyo huiachia karatasi chaji hasi. Ayoni chanya za sodiamu, kalsiamu na nyinginezo hujipanga katikati ya karatasi kusawazisha chaji hiyo. Hazijafungwa pale, zinaweza kutoka na kuipisha ayoni nyingine chanya. Maji yenye risasi yakipita, risasi huingia na kalsiamu hutoka. Zaidi ya hapo, pembeni mwa karatasi kuna oksijeni zilizo wazi ambazo hushikana na metali kwa nguvu kubwa kuliko ule mbadilishano wa katikati.

Uwezo wa madini haya hautoshani hata kidogo. Smektaiti hubeba kati ya sentimoli 80 na 150 za chaji kwa kilo. Vermikulaiti huanzia kama 100. Kaolini, ambayo karatasi zake zimebanana na hazivimbi, hubeba kati ya 3 na 15 tu. Kaolini ya Pugu, karibu na Kisarawe, ni nyeupe na nzuri kwa vyombo vya kauri, lakini kwa kunasa metali inazidiwa karibu mara kumi na udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa kila kiangazi. Na hapa kuna jambo ambalo watetezi wa chungu hawalitaji. Fundi wa vyungu anaposaka udongo wa kufinyangia hukwepa ule unaovimba sana, kwa sababu chombo chake husinyaa na kupasuka kabla hakijafika motoni. Udongo unaofaa kwa chungu ni ule usiopasuka, na mara nyingi huo ndio wenye uwezo mdogo wa kubadilishana ayoni.

Tuseme basi fundi huyo amepata udongo wenye smektaiti ya kutosha. Unabaki moto. Chungu cha kuchujia hutengenezwa kwa kuchanganya udongo na kitu kinachoungua. Katika mji wa Ifakara, bondeni humo, palipo na mashine za kukoboa mpunga kila upande, kitu hicho kingekuwa pumba. Mchanganyiko hushindiliwa kwenye umbo, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa kwenye tanuri hadi nyuzi joto zaidi ya 800 za Selsiasi. Pumba huteketea na kuacha vitundu vidogo ambavyo maji hupenya polepole, lita moja hadi tatu kwa saa. Bakteria wengi hukwama humo, na ndani ya chungu hupakwa fedha ili kuwaua. Ni kifaa kizuri. Fernando Mazariegos alikibuni Guatemala mwaka 1981, na tangu hapo kimewakinga watu wengi na kuhara katika nchi nyingi. Lakini kaolini ikifika kati ya nyuzi 500 na 600 hupoteza maji yaliyo ndani ya umbile lake na karatasi zake huvurugika. Smektaiti huvumilia kidogo zaidi. Nayo ikifika 800 huwa imeshikamana, nafasi za katikati zimefungwa, na ayoni hazina pa kuingilia. Kinachotoka tanurini ni kauri. Tabaka zilizosifiwa kwenye andiko la mradi zimeungua pamoja na pumba.

Mtu atauliza kwa nini basi udongo usitumike mbichi. Sababu ni kwamba smektaiti mbichi ikilowa huvimba na kuwa tope zito lisilopitisha maji. Ndiyo maana mafundi huitumia kuziba kuta za visima vinapochimbwa na kuitandika chini ya madampo ya taka. Ili maji yapite, lazima ichanganywe na mchanga mwingi, au ifanywe punje zilizokaushwa kwa joto la wastani, au nguzo za kikemia zipachikwe kati ya karatasi ili zisifunge. Kazi hizo zote zinawezekana, na zote zinahitaji karakana na vipimo. Haziwezekani kwa mikono mitupu ya kikundi cha kijiji.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa halirekebishwi na tanuri bora wala udongo bora. Karatasi za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo huvuta ayoni chanya peke yake. Arseniki haijitokezi hivyo katika maji. Kwenye maji yenye hewa huwa arsenati, ambayo ni hasi, na mfinyanzi huisukuma mbali. Kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na hewa huwa arseniti, ambayo kwa pH ya kawaida ya maji ya kunywa haina chaji yoyote, na hupita kati ya karatasi kana kwamba hazipo. Kromiamu yenye sumu kali, ile ya namba sita, nayo ni ayoni hasi. Zebaki hupenda zaidi kushikana na salfa, hivyo mfinyanzi wa kawaida huikamata kwa udhaifu mpaka upachikwe vikundi vya salfa kiwandani. Kwa maneno mengine, kati ya sumu zinazoogopwa zaidi katika maeneo ya dhahabu ya Geita na Mara, nyingi ni zile ambazo chungu cha udongo hakiziwezi.

Yapo madini ya tabaka ya kukabili arseniki, ila si mfinyanzi. Haidrotaliti, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1842 kutoka Snarum nchini Norwei, ina karatasi za magnesiamu na alumini zenye chaji chanya, na katikati yake hukaa ayoni hasi. Inaweza kutengenezwa kwa chumvi za kawaida. Ikichomwa kwa nyuzi 450 hadi 500 karatasi zake huvunjika, na ikitiwa majini hujijenga upya huku ikivuta ayoni hasi zilizo karibu. Kinachoisumbua ni kaboneti na bikaboneti, ambazo zimo karibu katika kila kisima na ambazo hushindania nafasi na arsenati. Kila dawa ina mshindani wake majini, na mshindani huyo hajulikani mpaka maji yapimwe.

Grafiti ya Mahenge nayo imeanza kutajwa. Milima ya Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara, ina akiba kubwa ya grafiti, na grafiti ni madini ya tabaka kwelikweli. Ila karatasi zake ni kaboni tupu isiyo na chaji. Haibadilishani ayoni na chochote. Inayonasa risasi na kadimiamu ni grafiti iliyooksidishwa, ambayo hupatikana kwa kuitesa kwa asidi ya salfa na pamanganati ya potasiamu. Kuifanya kazi hiyo kijijini ni kuzalisha maji machafu yenye tindikali na manganisi kwa lengo la kusafisha maji.

Hesabu moja inaonyesha kwa nini sifa za maabara hazihamishiki jikoni. Kilo moja ya smektaiti yenye sentimoli 100 za chaji inaweza, kwa karatasi, kubeba zaidi ya gramu 100 za risasi. Kama maji yana miligramu 0.05 za risasi kwa lita, mara tano ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 0.01, kilo hiyo ingetosha lita milioni mbili. Tarakimu ya aina hii ndiyo hubandikwa kwenye mabango. Lakini maji ya kisima hayana risasi peke yake. Yakiwa na miligramu 40 za kalsiamu kwa lita, kiasi cha kawaida kabisa, kalsiamu hiyo peke yake hujaza kilo nzima baada ya lita 500. Udongo usiobagua kati ya ayoni hizo mbili ungeanza kuachia risasi hapohapo, kwenye lita ya 500. Mfinyanzi huipendelea risasi kidogo kuliko kalsiamu, kwa hiyo idadi hiyo ya lita huongezeka mara kadhaa, lakini haifiki popote karibu na milioni mbili. Kaya inayokunywa lita 10 kwa siku humaliza lita 500 kwa siku 50. Kwa kadimiamu, ambayo mfinyanzi hauipendelei hivyo, hali ni mbaya zaidi.

Bonde lenyewe linatoa mfano mzuri wa tofauti hiyo. Upande wa kaskazini-magharibi mito hushuka kutoka Udzungwa, milima ya miamba migumu isiyo na chokaa nyingi, na maji ya miamba ya aina hiyo huwa laini. Upande wa kusini-mashariki, Mahenge, rubi na spineli huchimbwa ndani ya marumaru, na maji yanayopita kwenye marumaru hubeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Chujio lilelile, la udongo uleule, lililotengenezwa siku moja, linaweza kudumu mwaka na zaidi karibu na Mang'ula, upande wa Udzungwa, na kuisha kwa wiki chache huko Mahenge. Mradi unaogawa chujio la aina moja kwa pande zote mbili na kuandika muda mmoja wa matumizi kwenye kibandiko unaudanganya upande mmoja.

Na chujio lililojaa halitoi ishara. Linapoziba kwa tope, maji hupungua kasi na mwenyewe hulisugua. Linapojaa risasi, maji huendelea kutoka yakiwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha. Baya zaidi, metali iliyonaswa inaweza kurudi. Maji yakibadilika kuwa na tindikali au chumvi zaidi, kama yanavyoweza kubadilika kati ya masika na kiangazi, ayoni za haidrojeni au za kalsiamu huzisukuma metali nje, na kikombe cha siku hiyo kinaweza kuwa na sumu nyingi kuliko kisima chenyewe. Hapo hoja ya kwamba chujio pungufu ni afadhali kuliko kukosa kabisa huanguka. Kwa vijidudu hoja hiyo ina ukweli: kupunguza nusu ni kupunguza nusu. Kwa metali, chujio pungufu huweka akiba ya sumu jikoni na humwondolea mwenye nyumba sababu ya kutafuta chanzo kingine.

Udongo wenyewe nao si mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita uliukuta udongo wanaoula ukiwa na arseniki na kromiamu miongoni mwa elementi nyingine.  Udongo wa kutibia maji unapaswa kupimwa kabla ya maji yenyewe.

Imani ya kwamba chungu huondoa metali imepata nguvu Ifakara kwa sababu inayoeleweka, na wanaoishikilia si wajinga. Tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa mjini miaka ya 1950, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, maradhi ya bonde yamekuwa ya viumbe hai: malaria, kichocho, kuhara, kipindupindu. Elimu ya afya ilifundisha kuchemsha, kutia klorini, kufunika, kuchuja. Mafunzo hayo yaliokoa maisha na yanaendelea kuyaokoa. Lakini maarifa ya vijidudu yamehamishiwa kwenye metali bila kubadilishwa. Kuchemsha hakuondoi risasi; maji yakipungua kwa mvuke, risasi iliyobaki huongezeka kwa kila lita. Klorini haiigusi kadimiamu. Tundu linalomzuia bakteria ni kubwa kuliko ayoni mara elfu kadhaa. Chungu kiliaminiwa kwa kazi moja, kikapewa nyingine ambayo hakikutengenezewa.

Bangladesh ililipa gharama ya kosa la aina hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi, na maji yalitoka maangavu. Arseniki iligunduliwa visimani mwaka 1993, baada ya makumi ya mamilioni ya watu kuinywa. Vijidudu vilikuwa vimepimwa, metali hazikupimwa. Bonde la Kilombero si Bangladesh, na kulitisha kwa arseniki bila kipimo kungekuwa upotoshaji wa upande wa pili. Kinachofanana ni mazingira: uwanda wa mafuriko wenye udongo wa mto na ardhi iliyolowa miezi mingi. Eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002 lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000. Katika ardhi iliyofunikwa na maji, kama ilivyo chini ya majaruba ya mpunga, oksijeni huisha, na chuma na manganisi huyeyuka na kuingia katika maji ya chini.

Chuma na manganisi ndizo za kuangaliwa kwanza katika visima vya uwanda kama huo. Chuma hujitangaza: maji hutoka bombani yakiwa maangavu, yakilala kwenye ndoo hugeuka rangi ya kutu, na wali hubadilika rangi. Manganisi haijitangazi vivyo hivyo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 uliishushia kikomo hadi miligramu 0.08 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Tiba ya chuma haihitaji madini ya tabaka hata kidogo. Maji humwagwa kwa ngazi ili yapate hewa, hutulizwa, kisha hupitishwa kwenye mchanga. Kutu inayojitenga hukamata hata sehemu ya arseniki kama imo. Manganisi ni ngumu zaidi kwa kuwa hewa huioksidisha polepole, lakini mchanga uliokwisha kupata utando wa oksidi ya manganisi huimaliza. Kupeleka mfinyanzi mahali penye tatizo hili ni kuujaza kwa chuma na manganisi kabla risasi haijafika.

Watetezi wa chungu husema pia kwamba maabara ziko mbali na kaya iko karibu, kwa hiyo suluhisho likae kwenye kaya. Umbali ni wa kweli, hitimisho halifuati. Kisima kimoja cha jumuiya huhudumia mamia ya watu, na sampuli moja iliyochukuliwa vizuri pale huwajibia wote. Vyujio mia tatu majumbani vinahitaji ufuatiliaji wa mia tatu, na hautafanyika. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, alijenga chujio lake juu ya kanuni ya kupima kwanza: mchanga ni wa wote, lakini viungo vya kunasa kemikali hupangwa kufuatana na maji ya mahali husika. Kipimo hutangulia, kiungo hufuata.

Mahali pa madini ya tabaka, basi, ni kwenye chanzo na kwenye mifereji ya machimbo, chini ya mtu mwenye jukumu. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi chini yake, tayari vina matangi, wahudumu na daftari la mapato. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina mamlaka juu ya Mto Kilombero, ambao unakadiriwa kuupa Mto Rufiji takriban asilimia 62 ya maji yake. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Machimbo yanayotanuka Mahenge yanapaswa kuwekewa sakafu ya smektaiti chini ya mabwawa ya mabaki kabla ya tani ya kwanza kumwagwa, kwa kuwa hapo sifa ya kuvimba na kuziba, iliyo kasoro jikoni, ndiyo inayotakiwa. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia Mto Tigithe, na maji ya tindikali huzivua metali zilizonaswa kwenye udongo. Ndiyo sababu mfereji wa mgodi hutibiwa kwanza kwa chokaa hadi tindikali iishe, halafu ndipo madini ya tabaka huwekwa kukamata mabaki.

Kwenye tangi la kijiji kazi huenda hivi. Maji hupimwa kwanza metali, pH, kalsiamu na bikaboneti. Kama ni risasi au kadimiamu, udongo wenye smektaiti uliopimwa usafi wake husagwa, hukorogwa ndani ya tangi, huachwa saa kadhaa, kisha hutiwa shabu ili tope lishuke, na maji ya juu hupitishwa kwenye mchanga. Kama ni arseniki, huwekwa haidrotaliti au oksidi ya chuma. Mahali penye wateja wengi, punje za madini hupangwa kwenye mapipa mawili yanayofuatana, na sampuli huchukuliwa katikati. Metali ikionekana hapo, pipa la kwanza limejaa: huondolewa, la pili huhamishiwa mbele, na jipya hukaa nyuma, hivyo mnywaji hafikiwi na kilichovuja. Udongo ulioshiba hauendi shambani wala kwenye ukuta wa nyumba. Hukandwa na saruji ili metali zisitoke, na hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa mfinyanzi, juu ya mstari wa mafuriko na mbali na majaruba.